Mwaka wa Upungufu wa Madini

Taabu yangu ilianza mwaka 2009, nikiwa na miaka thelathini na nane. Kabla ya hapo nilikuwa na shida tu, kama kila mtu wa Mpanda, na shida mtu anaizoea, anaamka nayo, anaipikia chai. Sikusoma mimi. Niliishia darasa la nne, na haya nimeandika kwa mkono wangu. Aliyepiga chapa amerekebisha nukta na herufi kubwa, mengine nimemkataza kugusa. Mwenye kutaka Kiswahili cha redioni awashe redio. Habari za waume zetu na za wazee wetu sitaziandika, maana hawahusiki humu. Anayehusika ni mdogo wangu Kabula, na mwanamke mmoja anaitwa Edina, na neno moja ambalo mpaka leo nikilisikia natema mate chini.

Nisingeandika kama yule mwanamke asingerudi. Mwaka jana, wakati wa kuvuna mpunga, alikuja gesti kwangu Majengo akivuta begi la magurudumu, wigi kichwani, miwani mikubwa, akaomba kukodi ukumbi. "Shikamoo, mama yangu mzazi," akasema. Nikaitika. Hakunijua. Mimi nilimjua kabla hajamaliza salamu, kwa sababu uso unazeeka lakini sauti ya kubembeleza haizeeki. Akasema ana semina ya afya, wapendwa watatoka Mlele na Karema, anahitaji viti na spika. Nikamwambia ukumbi upo, ingia. Nilitaka nione mwisho wake. Vijana wangu wakamfungulia, akatundika bango lake ukutani, bango refu lenye picha za watu wawili wawili: upande mmoja KABLA, upande mwingine BAADA. Mstari wa pili kutoka chini alikuwepo mdogo wangu. Kabula mkubwa, na pembeni yake Kabula mwembamba, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nikamuuliza, "Huyu nani?" Akasema, "Huyu ni mpendwa wetu wa hukuhuku Katavi, mama. Alipunguza kilo nyingi mno." Nikamuuliza, "Yuko wapi sasa?" Akajibu bila kupepesa macho, "Yupo, Mungu ni mwema, anaendelea vizuri kabisa."

Sikupiga kelele. Nilivuta lile bango likadondoka na misumari yake, nikachana pale pa Kabula, nikaenda kukitia kile kipande kwenye jiko la mkaa. Picha ile si yake. Ile ni picha ya mtu anayekufa ameambiwa atabasamu. Halafu nikamwambia, "Mimi ni Mama Shija, dada yake. Geti lile pale." Akavuta begi lake, magurudumu yakawa yanagonga kokoto mpaka barabarani. Wafanyakazi wangu wakaniuliza kuna nini. Nikawaambia nitaandika. Sasa naandika.

Mwaka ule tulikuwa bado mkoa wa Rukwa, Katavi hatujapewa. Mimi na Kabula tulikuwa na mgahawa karibu na stendi. Mgahawa ni jina la heshima. Kilikuwa chumba kimoja cha tofali mbichi, mabenchi manne, na nyuma jiko la kuni lenye ukuta mweusi kwa masizi. Tulipika ugali, samaki wa migebuka kutoka Karema, maharage, na wali wa Kakese siku tukijisikia. Asubuhi tuliweka michembe, vile viazi vitamu tunavyovikata na kuvianika, tunaichemsha na karanga zilizotwangwa. Madereva wa malori walikuwa wanaijua michembe yetu hata kama si Wasukuma. Mimi nilipika. Kabula aligawa chakula na kugombana na wateja, na nusu ya wateja, nasema kweli, walifuata kugombezwa.

"Kabula, mbona nyama yangu ndogo hivi?"

"Ng'ombe mwenyewe alikuwa mdogo, shemeji. Nenda kamlalamikie mama yake."

Alikuwa mtu mkubwa, mdogo wangu. Sisemi mnene, nasema mkubwa. Akiingia chumbani, chumba kinajua. Kwetu sisi mwanamke wa namna ile anapishwa njia. Wazee wanaokuja kuuza ng'ombe mnadani walikuwa wanamwita "mayu", yaani mama, na yeye hajafika hata miaka thelathini na tano. Hakuna siku niliyomsikia akilalamika juu ya mwili wake. Alilalamikia magoti. Alisimama tangu alfajiri na magoti yakawa yanavimba, na mara mbili tatu kichwa kikamzunguka, tukaenda hospitali. Nesi akampima, akasema ni presha. Akampa vidonge, akamwambia apunguze chumvi na mafuta, atembee, arudi apimwe tena. Maneno ya bure, hayana rangi. Hakuna anayempigia makofi nesi.

Edina ndiye aliyepigiwa makofi. Alishuka kwenye basi na maboksi yake, akapanga chumba cha uani kwenye nyumba ya mtu Majengo, akatundika pazia la zambarau na kuweka viti vya plastiki. Wengine walimwita Daktari na yeye hakukataa. Nilikwenda mara moja, kwa sababu Kabula alinivuta mkono. Chumba kilikuwa kidogo, joto, kinanukia marashi na chai ya tangawizi, na ukutani alikuwa amebandika picha ya mtu aliyechunwa ngozi anaonekana utumbo wote, hata ukakinai chakula. Wanawake walikaa wamebanana kama dagaa kwenye gunia. Edina alisimama katikati na fulana yake ya kijani.

"Wapendwa, hivi siyo dawa. Dawa ni kemikali. Hivi ni virutubisho, ni chakula. Magonjwa yote mnayoyaona, presha, magoti, kitambi, kukosa usingizi, chanzo chake ni kimoja tu. Ni nini?"

"Upungufu wa madini!" wakaitikia, kumbe walishafundishwa.

"Mwili ukipungukiwa madini unajaza mafuta. Ukipata madini unaachia mafuta. Ni hesabu ndogo."

Halafu alikuwa na mashine. Unashika chuma kama mwiko mfupi, waya unaingia kwenye kompyuta, inapiga mlio, anasoma. Kabula akashika: upungufu wa zinki, upungufu wa chuma, upungufu wa magnesiamu. Mwanamke wa pembeni, mwembamba kama ufagio, akashika: zinki, chuma, magnesiamu. Nikashika mimi, yaleyale. Nikasema kwa sauti, "Mlete na mbuzi ashike." Wengine wakacheka. Edina hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alinisogelea, akanishika bega, akasema, "Mama Shija, hasira pia ni upungufu wa madini." Chumba kizima kikapiga makofi. Niliondoka. Sijawahi kuingia tena mahali ambapo mtu akitoa hoja watu wanapiga makofi badala ya kumsikiliza.

Kabula alibaki. Alinunua chupa moja, vidonge vikubwa vya rangi ya udongo. Akaambiwa aache ugali, aache maziwa, aache michembe, asubuhi anywe maji ya moto na limao. Vidonge vya nesi aliambiwa avitupe, vinapigana na virutubisho, na alivitupa, nikavikuta shimo la taka vimelowa mvua. Tukagombana siku hiyo mbele ya wateja. Nikamwambia, "Mtu aliyekupima mkono kwa mashine ya hospitali humsikii, unamsikia mwenye pazia." Akaniambia, "Dada, nesi aliniambia mimi ni mgonjwa. Edina aliniambia nimepungukiwa kitu tu. Kupungukiwa si ugonjwa, unatafuta unajaza." Nimeyafikiri sana maneno hayo miaka hii yote. Yule mwanamke alijua mtu anataka kuambiwa nini, na alikuwa anauza hicho. Yale ya kwenye chupa yalikuwa kifungashio.

Sasa nifike kwenye neno. Wenye kusoma haya wakiwa miji mingine lazima niwaeleze. Mpanda, ukisema madini, hakuna mtu atakayefikiria kidonge. Mji huu ulianzia kwenye madini. Wazungu walichimba risasi hapa zamani, ile wanayotengenezea mambo mengi, reli ikaletwa kwa ajili hiyo, wakamaliza wakaondoka wakatuachia mashimo na vilima vya mawe yaliyomwagwa. Dhahabu wanachimba mpaka leo. Mtoto wa hapa anajua madini ni jiwe kabla hajajua kuhesabu. Na jambo la pili: wanawake wetu wanakula udongo. Ule unaoitwa pemba, unauzwa sokoni kwa vipande, mwenye mimba anautafuna, na wengi wakishajifungua hawaachi. Kabula alikuwa mlaji wa pemba tangu msichana. Mtu wa namna hiyo, mweleze kwamba mwili wake unadai madini, na chupa imeisha, na nyingine hawezi kununua. Halafu usimame mbali uone.

Nakumbuka tulikuwa jikoni tunachambua mchele, mvua imekatika, bati linadondosha. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Dada, zinki si ndiyo ile ya bati?"

"Ndiyo hiyo."

"Na chuma ni chuma hikihiki cha jembe?"

"Sasa chuma kingine kipi?"

"Kumbe vyote vinatoka ardhini."

"Hata muhogo unatoka ardhini," nikamwambia, "chambua mchele." Akacheka. Tukaendelea kuchambua mchele.

Baada ya hapo akaanza kutembea asubuhi. Nilifurahi, nikajua maneno ya nesi yamemwingia. Alikuwa anakwenda mpaka kule kwenye mashimo ya zamani, ambako wanawake wanagonga kokoto, anarudi jasho linamtoka na pindo la khanga limefungwa fundo. Nilijua ni pemba. Na mwili ukaanza kupungua. Kwanza uso, halafu mikono, halafu zile khanga zilizokuwa hazimzunguki zikawa zinamzunguka mara mbili. Hakuwa anakula. Nikimpakulia anasema tumbo limejaa. Nikimwekea michembe anaiangalia kama mtu anayeangalia nyumba aliyohama.

Edina alipomwona alipiga vigelegele barabarani. Akamfanyia siku yake, Jumamosi, chumba kilekile, watu mpaka mlangoni. Mimi nilisimama nje dirishani, nilikuwa nimepeleka sufuria ya wali walioagiza, kwa hiyo nilisikia yote. "Kabula mpendwa, simama! Zunguka! Mwambie jirani yako ulikuwa unavaa nguo saizi gani!" Kabula akazunguka. Wakamvika fulana ya kijani, ikamning'inia. Wakampiga picha. Akaambiwa atoe ushuhuda, naye mdogo wangu aliyekuwa anawagombeza madereva wa malori akasimama na sauti ndogo, akasema, "Nashukuru madini." Basi. Hakusema zaidi. Kila mtu akajua anasema ya kwenye chupa. Edina akasema sasa amepanda ngazi, na akitafuta watu wengine atafika ngazi ya dhahabu, na wakapiga makofi tena. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza amewezaje kupungua vile na chupa moja. Mfanyabiashara akiona mali yake inafanya kazi kuliko alivyoitengeneza, haulizi. Anapiga picha.

Mjini walikuwa na maelezo yao. Mwaka ule mtu akikonda Mpanda hapewi pongezi, anapewa jina la ugonjwa. Siku moja mchana nilikuwa jikoni, madereva wawili wanakula migebuka kwenye benchi la nje, hawakujua ukuta ule ni wa kupitisha sauti.

"Yule mama wa hapa umemwona? Amekanyaga waya yule."

"Umeme mkubwa kabisa. Na ndiye anagawa chakula."

"Mimi kesho nakula kule kwa Mha."

Nilitoka na mwiko, nikachukua sahani zao zote mbili na samaki wakiwa hawajageuzwa upande wa pili, nikamwaga kwa mbwa. Nikawaambia, "Nendeni sasa hivi, kesho mbali." Mmoja akasema, "Mama, na hela zetu?" Nikamwambia amwombe mbwa. Lakini waliokwenda siyo wale wawili tu. Mabenchi yalianza kubaki matupu moja baada ya jingine, watu tuliowapikia miaka wakawa wanapita upande wa pili wa barabara wakiangalia simu zao. Waliokuja kula kwa Kabula akiwa mkubwa hawakutaka kupokea sahani kwenye mkono wa Kabula mwembamba. Hao nawajua kwa majina. Baadhi yao sasa wananisalimia kwa heshima, nami naitika, lakini sikai nao.

Halafu mkono wa Kabula ukaanguka. Alikuwa amebeba sufuria ya maharage, kiganja kikalegea kwenye kifundo kama ua lililokosa maji, sufuria ikaenda chini. Alijaribu kuinua vidole, havikuinuka. Tumbo lilikuwa linamkata mpaka anapiga magoti, na choo hapati. Nikaona fizi zake alipolia: zilikuwa na mstari wa bluu kwenye mizizi ya meno, kama mtu aliyetafuna kalamu. Nikasema twende hospitali. Akasema kwanza kwa Edina. Nikamburuta Edina aje yeye. Alikuja, akasimama mlangoni, hakuingia ndani kabisa, akaangalia mkono ule, akasema, "Hiyo ni sumu inatoka, mama. Mwili unajisafisha. Asiache dozi."

"Mkono umekufa," nikamwambia.

"Ni sumu inapita kwenye mkono. Wengi wanapitia hatua hiyo."

"Wengi gani? Nitajie mmoja, na mtaa wake."

Akaangalia saa yake. Akasema ana kikao.

Nilirudi ndani kumfungia Kabula nguo za hospitali. Chini ya kitanda nilitafuta begi nikakuta kinu kidogo cha kutwangia vitunguu, kilichopotea jikoni tangu masika. Ndani yake kulikuwa na unga mweusi unaometa, na pembeni, kwenye kopo la maziwa, mawe. Nilichukua moja. Lilikuwa dogo na zito kuliko jiwe linavyotakiwa kuwa, na pale lilipovunjika linang'aa kama kioo.

"Kabula, hii nini?"

"Madini, dada."

"Unayafanyia nini?"

"Natia kwenye chai." Akaniangalia, na nikaona anataka nimsifu. "Edina anayauza kwenye chupa bei ya mbuzi, na sisi tunalala juu yake. Nilitaka nikiisha kupona ndipo nikwambie. Tungewagawia wanawake wote bure."

 Kilichonijia ni kumpiga, na alikuwa ameshakonda hana hata mahali pa kupigwa. Nikamfunga khanga, nikaita baiskeli, tukaenda. Lile jiwe nilikuwa nalo kiganjani njia nzima.

Daktari alikuwa kijana mpole, mgeni. Alimpima, akaniuliza amekula nini, nikamwekea jiwe mezani. Akaligeuza, akakaa chini. Akasema, "Mama, mdogo wako amekula risasi."

Nikasimama. Nikamuuliza, "Nani kampiga?"

"Siyo risasi ya bunduki, mama. Hili jiwe. Ni aina ya madini."

"Madini tena!" Nilipiga kelele mpaka manesi wakaja. Kijana wa watu aliogopa, alidhani namkasirikia yeye. Akanieleza taratibu kwamba risasi ni sumu, inaingia kwenye damu na mifupa na mishipa, inamla mtu, na kule kukonda hakukuwa kupungua mwili, kulikuwa kuliwa. Akasema hapa hawana dawa ya kuitoa. Ataandika rufaa, tumpeleke hospitali kubwa kwa treni, na wakati huohuo watamwongezea damu. Nikamuuliza treni ni lini. Akasema keshokutwa.

Tulikaa wodini, kitanda cha karibu na dirisha. Mchana bati linapasuka kwa joto, wagonjwa wengine wanakula ugali wa ndugu zao na harufu ya dagaa inatuzunguka. Kabula alikuwa anapotea na kurudi. Akirudi anaongea vizuri. Aliniuliza mgahawani nani anagawa. Nikamwambia hakuna, nimefunga. Akasema, "Umefunga? Na wale madereva watagombezwa na nani?" Halafu akasema, "Dada, nina hamu ya michembe." Nilikimbia nyumbani, nikachemsha, nikatwanga karanga, nikarudi na bakuli limefunikwa. Alikula vijiko viwili, akafumba macho akitafuna, akasema, "Nilikuwa mjinga kuiacha hii." Kijiko cha tatu hakukimeza. Akaanza kutetemeka mwili mzima, manesi wakanisukuma nje. Nilipoitwa tena walikuwa wameshamfunika. Treni ilikuwa haijafika.

Kwenye mazishi walikuja wote. Waliotukimbia mgahawani walikuja kula wali wa msiba. Nilisikia wanawake wakinong'ona kwenye mikeka lile jina la ugonjwa, nikangoja kwanza amalize kuzikwa. Tuliporudi kutoka makaburini ukafika muda wa rambirambi, na Edina akasimama. Alikuja na kundi lake, fulana za kijani mstari mmoja kama timu ya mpira. Akashika kitambaa machoni. "Tumempoteza shujaa," akasema. "Kabula alikuwa mfano kwa wengi. Kwa masikitiko, wapendwa, mwishoni aliacha dozi. Ndiyo maana tunasisitiza—"

Nilinyanyuka pale nilipokaa. Mfiwa hatakiwi kunyanyuka. Nikaingiza mkono kwenye khanga nikatoa lile jiwe, nikalinyanyua juu watu waone.

"Mdogo wangu hakufa kwa ukimwi, nyie mnaonong'ona. Wala hakuacha dozi. Dozi yake hii hapa. Alikuwa anaitwanga anakunywa na chai."

 Mzee mmoja upande wa wanaume akasema, "Jiwe?" Na kijana fulani akacheka, kicheko kilichomtoka kwa mshangao, akajiziba mdomo. Edina akashusha kitambaa machoni. 

"Mimi sikumwambia ale jiwe! Wapendwa ni mashahidi. Kuna siku niliyomwambia mtu ale jiwe?"

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia madini!"

"Basi," nikasema. "Hapa Mpanda. Ukimwambia mtu amepungukiwa madini, ataangalia wapi? Atakwenda duka la dawa? Umekuja kwenye mji wa watu hata hujauliza wanachimba nini, ukawaambia wajaze."

 Sikiliza, mimi siyo mwendawazimu, najua hakumtia jiwe mdomoni. Wengi wameniambia hivyo miaka yote hii, wakiwemo watu wa dini: Mama Shija, samehe, yule hakukusudia. Ni kweli hakukusudia. Alimwona mtu anakonda akakusudia kupiga picha. Aliona mkono umekufa akakusudia kuwahi kikao. Mtu aliyekusudia mabaya unaweza kumkamata. Huyu asiyekusudia kitu chochote ila kuuza, utamkamatia wapi? Simsamehi. Nimeulizwa na padri na nimemjibu hivyohivyo, na akitaka aje aulize tena.

Aliondoka na basi wiki ileile. Fulana za kijani zilibaki, ukazikuta watu wanapigia deki. Minong'ono ya ule ugonjwa iliisha, hilo nililipata, lakini mji hauwezi kukaa bila jina: wakaanza kumwita Kabula "yule aliyekula jiwe", na wakilisema wanatabasamu. Nikawaacha watabasamu. Angalau ni kweli. Na sikuwahi kusikia tena mwanamke amekwenda kwenye yale mashimo na pindo la khanga.

Mgahawa haukufunguliwa. Nilibeba sufuria zangu nikaenda kupika kwenye machimbo ya dhahabu, kwenye maturubai, vumbi na matusi, kwa sababu wachimbaji wana njaa na hawaulizi mpishi amefiwa na nani. Nilipika huko miaka. Wengine walinilipa hela, wengine walinilipa vumbi la dhahabu, na mimi sikunywa pombe wala kukopesha mwanaume. Ndipo nilipoinukia. Nayasema haya kwa majivuno na sitaki mtu aombe radhi kwa niaba yangu. Siku hizi wauzaji wa aina ya Edina hawahitaji hata chumba chenye pazia, wanaingia kwenye simu. Wafanyakazi wangu wasichana wananionyesha, chai ya kukata tumbo, unga wa kukata tumbo, picha mbilimbili, kabla na baada. Nawaambia neno moja: nikikuta chupa hiyo gesti kwangu, unaondoka nayo. Wananiona mkorofi. Sawa.

Leo nina gesti ya vyumba kumi na vinne Majengo, na ukumbi. Nina nyumba ya kuishi yenye bati jipya na kisima uani. Nina shamba la mpunga Kakese, na mashine ya kukoboa. Nina ng'ombe kwa mtu ninayemwamini. Nina bajaji mbili, majokofu matatu, sufuria zangu zote za machimboni. Nina presha, na vidonge vya nesi nameza kila asubuhi. Nina mwili mkubwa. Wanaoniita mama ni wengi, na bibi, na bosi. Wa kuniita dada sina.